Mwindo hakusamehe bure: karisi ya Wanyanga na karatasi tatu za shamba moja

Wenzangu, kila nikihudhuria kikao cha usuluhishi kule kwetu, kuna mzee mmoja ambaye lazima atamtaja Mwindo. Haikosi. Kikao kikishika moto, watu wakianza kunyoosheana vidole, mzee anakohoa, anajiweka vizuri kwenye kiti chake, anasema: "Hata Mwindo alimsamehe baba yake." Basi. Watu wanatikisa kichwa, kasiksi inaletwa, na aliyeonewa anaambiwa ashike mkono wa aliyemwonea. Kikao kimekwisha.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba hiyo ndiyo hekima ya wazee wetu, na kwamba hadithi ya Mwindo inasema hivyo kweli. Halafu nikaisoma, yote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Leo nataka kusema hapa kitu ambacho sikuthubutu kusema mbele ya wazee: tunaisoma vibaya. Na kuisoma vibaya kunatugharimu mashamba na kunawagharimu dada zetu heshima yao. Kunawapa pia wenye bunduki mlango wa kutokea bila kujibu swali hata moja.

Nianze na mahali. Mimi ni mtoto wa Kalembe. Kwa ambaye hajafika: toka Kitshanga, pita Mweso, shika barabara ya Pinga, na kabla ya Pinga utafika kwetu, pale ambapo Masisi inaishia na Walikale inaanza. Kwenye ramani mpaka ule ni mstari. Kwetu ni kitu cha kuvuka kila siku na jembe begani: unalala Masisi, unalima Walikale, unauza maharagwe upande wowote penye soko. Mama yangu ni Mhunde, marehemu baba alikuwa Mnyanga. Nyumbani Mwindo alikuwa wa upande wa baba, na mama alikuwa akitania kwamba Wanyanga wana hadithi ndefu kwa sababu wana mvua nyingi.

Sasa hilo shamba. Baba alilipata zamani kwa njia ya desturi: mbuzi, pombe, wazee wa pande mbili, na mti uliopandwa kuwa alama ya mpaka. Baadaye mkuu wa upande ule akaandika karatasi na kupiga muhuri. Hiyo ni karatasi ya kwanza. Vita ikaja, tukakimbia, tukarudi, tukamkuta mtu analima pale. Si mwizi, niseme ukweli. Naye alikimbia kwao, naye ana watoto, na naye ana karatasi aliyopewa na mkuu wa upande wa pili wa mpaka. Tukaenda kwenye baraza. Baraza la upande mmoja likatupa haki. La upande wa pili likampa yeye haki. Kabla hatujajua la kufanya, kundi moja la silaha lililokuwa likitawala kijiji wakati ule likatuita sote ofisini kwao, likasikiliza robo saa, likagawa shamba katikati na kudai pesa ya hukumu kwa kila upande. Nao waliandika karatasi. Hiyo ni ya pili. Mwishowe tulifika mbele ya hakimu wa Serikali. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, na tulichotoka nacho ni karatasi ya wito. Hiyo ni ya tatu.

Mama alizitazama zote, akasema: "Mutoto yangu, tuko na karatasi tatu, lakini shamba hatuna."

Nimebeba sentensi hiyo tangu siku ile. Nilisoma sheria miaka kadhaa, na sijapata mwalimu aliyeeleza hali ya haki katika Kivu vizuri kuliko mama.

Turudi kwa Mwindo. Wengi wetu tumesikia vipande tu. Mwaka 1956 mzee mmoja wa Wanyanga, Rureke, aliimba, alicheza na kusimulia karisi hii kwa siku 12, huku ikiandikwa mbele ya Daniel Biebuyck, mtafiti Mbelgiji. Mwaka 1969 Biebuyck na Kahombo Mateene, mtaalamu wa lugha na mwana wa Wanyanga mwenyewe, waliitoa kama kitabu huko California. Ajabu ni kwamba mwanafunzi wa Marekani anaweza kuisoma shuleni, na mwanafunzi wa Pinga anaijua kwa sentensi moja ya mzee. Mimi mwenyewe niliisoma kwa Kiingereza, kamusi mkononi. Nilisikia aibu kidogo.

Kwa kifupi inakwenda hivi. Shemwindo, mkuu wa Tubondo, ana wake saba na anatangaza kwamba wote wazae wasichana tu. Mvulana akizaliwa, atamuua. Mke wake mpendwa anamzaa Mwindo. Baba anamrushia mikuki, anamzika, anamfungia ndani ya ngoma na kuitupa majini. Mtoto hafi. Anakwenda kwa shangazi yake Iyangura, anapata nguvu kwa wajomba zake wahunzi, anarudi Tubondo, na kwa msaada wa Nkuba, bwana wa radi, mji unateketezwa. Baba anatoroka chini ya ardhi. Mwindo anamfuata huko, anapita majaribu, anacheza kamari na wenyeji wa kuzimu, mwisho anampata baba na kumrudisha nyumbani.

Hapa ndipo mzee wetu anapofungua mdomo: "Akamsamehe." Ngoja, mzee wangu. Tusome polepole. Mimi nimehesabu ngazi sita kabla watu hawa hawajaweza kuishi tena pamoja.

Ngazi ya kwanza: mkosaji anatafutwa mpaka anapatikana. Mwindo haketi Tubondo akasema "yaliyopita si ndwele". Anashuka kuzimu kwa miguu yake.

Ngazi ya pili: waliompa hifadhi wanalazimika kumtoa. Muisa anamficha. Sheburungu anacheza kamari na Mwindo, anashindwa, anamkabidhi. Kila mwenye eneo chini ya ardhi ana sheria zake, lakini mwisho mkosaji anavuka mipaka yote hiyo kurudi mahali alipokosea.

Ngazi ya tatu: madhara yanarekebishwa. Ni shangazi Iyangura anayedai hivyo. Huwezi kutawala mifupa, mji uliokufa ufufuliwe kwanza. Na Mwindo anawafufua watu wa Tubondo kabla ya kikao chochote.

Ngazi ya nne: kikao ni cha wazi. Watu wote wapo. Viti vitatu vinawekwa, na katikati ya baba na mtoto anakaa mwanamke, Iyangura, na anasema. Anamwambia kaka yake kosa lake mbele ya watu, tangu mwanzo wake, yaani ile amri ya kubagua watoto.

Ngazi ya tano: Shemwindo anakiri. Hanong'oni sikioni mwa hakimu. Anakiri mbele ya watu aliowaumiza.

Ngazi ya sita: anaachia madaraka. Anavua alama za utawala na kumkabidhi mwanawe.

Baada ya hapo ndipo kunakuwa na amani. Mzee wetu wa kikaoni anarukia mwisho wa ngazi kana kwamba ngazi zenyewe hazikuwepo. Anachukua tunda na kuacha mti. Na sisi vijana wenye diploma tunakaa kimya, kwa sababu kumkosoa mzee ni utovu wa adabu, na kwa sababu, tuseme ukweli, wengi wetu hatujasoma.

Mtu ataniuliza: hadithi ya zamani inahusiana nini na mahakama? Inahusiana sana. Ugonjwa wa haki kwetu ni kwamba kila ngazi inafanya kazi peke yake, haijui mwenzake amefanya nini.

Tazama jinsi tulivyofika hapa. Wabelgiji ndio waliogeuza vikao vya wakuu wa kimila kuwa mahakama za wenyeji kwa dekreti ya tarehe 15 Aprili 1926. Mzungu alikuwa na hakimu wake, mwenyeji alikuwa na wake. Uhuru ukaja, na nchi ikataka mahakama moja kwa raia wote. Sheria ya tarehe 11 Aprili 2013 juu ya mahakama za kawaida inataka mahakama ya amani, ile tunaita "tripe", iwepo katika kila teritware, na mahakama za kimila zife polepole kadiri tripe zinavyosimama. Wakati huohuo Katiba ya 2006, kifungu cha 207, inatambua mamlaka ya kimila, maadamu hayapingi Katiba, sheria na maadili mema. Kwa maneno mengine, mkuu wa kimila anabaki, lakini mahakama yake inaondoka.

Ukienda kwenye ardhi ndiyo balaa. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali. Kifungu chake cha 389 kikaahidi kwamba haki za wanaoishi kwenye ardhi ya kimila zitapangwa kwa amri ya Rais. Miaka zaidi ya 50 ilipita bila amri hiyo kutoka. Basi mkulima wa Kalembe analima ardhi ya Serikali, aliyopewa na mkuu wa kimila, na anahukumiwa na yeyote aliye na nguvu wiki hiyo. Tusisahau kwamba vita ya 1993, iliyoanzia sokoni Ntoto, Walikale, mwezi Machi, ilikuwa na maswali haya haya ndani yake: ardhi ni ya nani, na nani ana haki ya kuwa mkuu juu yake. Maswali yasiyopata mahakama yalipata mapanga.

Katikati ya pengo hilo wakaingia wenye bunduki. Wenzangu wa Masisi na Walikale mnajua ile jeton, karatasi ndogo ya kila mwezi inayoonyesha umelipa. Mnajua andaki. Kwa msomaji wa mbali: andaki ni shimo ardhini ambamo kundi la silaha humtia mtu aliyekosa kulipa au aliyeshitakiwa na jirani, mpaka ndugu zake walete pesa. Niliposoma karisi sikuweza kuacha kulifikiria neno hilo. Kwa Rureke, chini ya ardhi ni mahali mkuu mkosaji anapokimbilia kujificha, na haki inamfuata huko. Kwetu chini ya ardhi anatiwa mkulima, na mkosaji yuko juu anapokea pesa. Hadithi yetu imepinduliwa kichwa chini.

Na Serikali je? Chukua kesi ya Ntabo Ntaberi Sheka. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, vijiji 13 vya Walikale vilivamiwa, na Umoja wa Mataifa uliandika watu wasiopungua 387 waliobakwa. Januari 2011 ilitolewa waranti ya kumkamata Sheka. Novemba mwaka huohuo jina lake lilikuwa kati ya wagombea ubunge wa Walikale. Ofisi moja inamtafuta, ofisi nyingine inampigia chapa kwenye karatasi ya kura! Alijisalimisha mwenyewe Julai 2017, kesi ikaanza Novemba 2018 Goma, na tarehe 23 Novemba 2020 mahakama ya kijeshi ya operesheni ikamfunga maisha.

Mimi siidharau hukumu ile hata kidogo. Ni ngazi ya kwanza na ya pili za karisi: mkosaji amepatikana, ameletwa. Waliotoka vijijini kwenda kusema mbele ya askari na mawakili walifanya jambo kubwa kuliko sisi sote tunaoandika. Lakini tafuta ngazi ya tatu na ya nne. Hukumu ilitolewa Goma, mbali na njia ile ya msitu ambako mambo yalitendeka. Viti vitatu vya Tubondo viliwekwa Tubondo kwenyewe.

Hata Hague ina shida hiyohiyo. Bosco Ntaganda alihukumiwa miaka 30 mwaka 2019. Sisi wa Masisi tulimjua kama jenerali wa hapa kwetu. Hukumu yake ni kwa mambo ya Ituri ya 2002 na 2003. Ni haki, na watu wa Ituri walistahili kuipata. Lakini mtoto wa Masisi akiisoma hukumu ile, kijiji chake hakimo.

Kwa hiyo tuna mahakama nyingi, na kila moja ina kipande. Baraza linajua mti wa mpaka ulipandwa na nani, lakini halina nguvu juu ya mtu wa upande wa pili wa mpaka. Tripe ina sheria na muhuri, lakini haijui mti. Mahakama ya kijeshi ina uwezo wa kumfunga mwenye bunduki, lakini iko mbali na haigusi shamba. Karisi inasema vipande hivi vinapaswa kukabidhiana, kama Sheburungu alivyomkabidhi Shemwindo. Kwetu vinashindana.

Kuna mtu atasema: basi turudishe kila kitu kwa wazee, wao wako karibu. Hapa ndipo ninapotofautiana na rafiki zangu wengi wapenda-utamaduni. Baraza letu lina dhambi zake. Nimewahi kuona msichana akizungumziwa kama vile ni shamba: familia mbili, mbuzi kadhaa, "tusiharibu ujirani", na yeye mwenyewe hakuulizwa hata jina. Sheria ya Julai 2006 juu ya ubakaji inakataa mambo haya yaishie kwa faini, na ninaiunga mkono kwa mikono miwili. Ukiniambia "Mwindo alisamehe" katika kesi kama hiyo, nitakuuliza: Iyangura wako yuko wapi? Katika karisi mwanamke anakaa katikati na ndiye anayesoma mashitaka. Katika baraza letu mara nyingi mwanamke yuko jikoni anapika chakula cha wasuluhishi.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo wazee hawaisimulii kabisa vikaoni. Hadithi haiishii kwenye viti vitatu. Mwindo sasa ni mkuu, ameshinda. Siku moja anaua joka la msituni. Watu wanashangilia. Kumbe joka lile lilikuwa na undugu wa damu na Nkuba, bwana wa radi. Na Nkuba anashuka, anamchukua Mwindo mpaka mbinguni, na kwa mwaka mzima shujaa wetu anateseka kwa mvua, baridi na jua, anafundishwa mipaka yake. Akirudi, anawatangazia watu sheria za kuishi pamoja.

Zingatia Nkuba ni nani. Ni yuleyule aliyemsaidia kuichoma Tubondo. Mshirika wake wa vita! Hakusema "huyu ni wetu, tulipigana pamoja, tumwache". Alimwadhibu.

Mimi naona hapa ndipo Rureke alipotuzidi akili sote. Hadithi nyingi za mashujaa zinakoma kwenye ushindi. Yeye aliendelea, akamweka shujaa mwenyewe mbele ya mahakama ya juu zaidi, na hakimu akawa rafiki yake. Sasa tazama Kalembe. Tarehe 20 Oktoba 2024 M23 waliichukua. Wazalendo walipigana kuirudisha, na nyumba zetu zilikuwa katikati. Sisi wenyeji tulishangilia waliotutetea, sikatai, nami nilishangilia. Lakini miongoni mwa wakubwa wa wazalendo yupo Guidon Shimiray Mwissa, kiongozi wa NDC-Rénové, ambaye Umoja wa Mataifa ulimwekea vikwazo 2018 na haki ya kijeshi ya nchi yetu ikatoa waranti yake 2019. Waranti ile inalala wapi leo? Ukiuliza swali hilo utaambiwa si wakati wake, sasa hivi ni vita, yeye ni wetu. Na M23 nao, huko wanakotawala, wana "wetu" wao, na makosa yao hayataulizwa na mtu wa upande wao.

Nkuba angeuliza. Ndiyo maana nasema karisi hii ni kali kuliko wanaoitaja. Wanaoitaja wanaifanya mto wa kulalia.

Nisiipambe kupita kiasi. Kazi hii ina udhaifu wake na ni kazi ya mhakiki kuusema. Kwanza, ufufuo. Mwindo anapunga ufagio wake wa kichifu, wafu wanaamka. Hapo msimulizi amejirahisishia. Swali gumu kuliko yote, yaani fidia, amelitatua kwa muujiza. Sisi hatuna ufagio huo. Watu waliochomewa Kalembe hawataamka kwa kupungiwa, na hukumu isiyosema nani atalipa, lini na kwa mfuko gani inabaki muujiza ulioahidiwa. Pili, mama yake Mwindo. Ndiye aliyembeba, ndiye aliyeshuka daraja kwa mumewe kwa sababu ya kumzaa, lakini siku ya viti vitatu hana kiti. Iyangura anasema kama shangazi, dada wa mkuu, mtu wa ukoo. Mke aliyeumia hasemi. Kama tunataka kujenga baraza jipya juu ya karisi, tuongeze kiti cha nne. Tatu, watu wa Tubondo ni kama umati tu, wanakufa na kufufuka bila kuulizwa walitaka nini. Hilo nalo linafanana mno na siasa zetu.

Lakini hata kwa udhaifu wake, inatupa kipimo. Na jambo la kushangaza ni kwamba sheria yetu wenyewe ina mlango mdogo unaofanana na viti vile. Sheria ya 2013 inasema, pale tripe inapohitaji kutumia desturi, hakimu asikae peke yake: akae pamoja na watu wawili mashuhuri wanaoijua desturi hiyo. Viti vitatu! Hakimu wa Serikali katikati, wenye kujua mti wa mpaka pande zote mbili. Nilipokisoma kifungu kile mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi, nilikiruka kwa sababu hakikuwa kwenye mtihani. Leo naona ndipo shamba la mama lingeweza kuponea: hakimu mmoja, mzee mmoja wa upande wa Masisi, mmoja wa upande wa Walikale, wanatembea kwa miguu mpaka kwenye mti, wanasikiliza familia zote mbili, mama yangu na mke wa yule jirani wakisema kwa midomo yao, halafu inaandikwa karatasi moja inayofuta zile tatu. Na kama njiani watagundua mtu alitiwa andakini kwa sababu ya shamba lile, jambo hilo lisisuluhishwe kwa kasiksi. Linakwenda kwa oditora, na mzee wa baraza anakwenda kama shahidi.

Mtasema naota. Goma iko mikononi mwa M23 tangu Januari 2025. Wafungwa wa Munzenze walitoka siku ileile ya tarehe 27, na wanawake zaidi ya mia waliokuwa humo waliteketea kwa moto. Utaongea vipi juu ya hakimu na mti wakati hakimu mwenyewe amekimbia? Nakubali. Lakini vita itaisha siku moja, na siku hiyo wataitisha kikao kikubwa, na nina hakika asilimia mia kwamba mtu fulani mwenye suti atasimama na kusema, "Hata Mwindo alimsamehe baba yake." Nataka siku hiyo chumba kiwe na vijana kumi tu, ishirini tu, waliosoma, watakaonyanyua mkono kwa heshima na kusema: mzee wetu, shikamoo, lakini tunaomba utuanzie mwanzo. Nani alishuka kumtafuta mkosaji? Nani alimtoa? Madhara yamelipwa? Iyangura amekaa wapi? Amekiri nini, mbele ya nani? Na Nkuba, atawauliza na washirika wake?

Tuliposikia milio Oktoba ile, mama alifunga mzigo haraka: sufuria, blanketi, mbegu za maharagwe. Akanipigia simu katikati ya kelele zile. Nilifikiri ataniaga. Akauliza: "Zile karatasi, nabeba gani?"

Mimi mwanasheria wa familia sikuwa na jibu. Nikamwambia abebe zote tatu.

Alizifunga kwenye mfuko wa plastiki, akazivaa tumboni chini ya kitenge, na bado anazo. Kila nikimtembelea alikohifadhiwa huwa ananiuliza kama nimeshajua ni ipi ya kweli. Ninyi mliosoma sheria, mliosoma fasihi, mliosoma jambo lolote lile: mngemjibu nini?